Vitabu vya Ubatizo na Saratani ya Ukoo

Mchungaji aliyekaa miaka mingi katika usharika mmoja huwazika watu wa ukoo mmoja mara kwa mara, na pengine huona jambo ambalo daktari, anayemwona mgonjwa mmoja mmoja, hana nafasi ya kuliona: kwamba babu, shangazi na mpwa wamekufa kwa ugonjwa ule ule, tena kabla ya kufikia umri wa miaka hamsini. Waliobaki huliona pia. Wengine husema ni uchawi, wengine husema ni laana ya mababu, na siku hizi wako wahubiri wanaowaita watu wa namna hiyo mbele ya mkutano na kuwaahidi kwamba laana itavunjwa kwa maombi ya usiku mmoja. Kwa upande wake elimu ya tiba imekuwa na uwezo, tangu miaka ya 1990, wa kupima damu ya mtu na kutambua kama amerithi badiliko fulani katika chembe zake za urithi, badiliko linalomweka katika hatari kubwa ya kupata saratani.

Katika makala haya hatukusudii kukieleza kipimo hicho jinsi matabibu wanavyokieleza. Tunataka kuitazama historia yake, kwa kuwa imepita ndani ya nyumba yetu wenyewe kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kabla maabara haijawa na kitu cha kupima, ilibidi iwepo orodha ya vizazi. Na katika nchi za Kilutheri orodha za vizazi ziliandikwa na wachungaji. Orodha hizo zimewahi kutumika kuokoa watu, na zimewahi kutumika kuwaangamiza. Kanisa, kwa hiyo, haliwezi kusema kwamba jambo hili ni la hospitali peke yake.

Tuanze Marekani. Mwaka 1895 Aldred Scott Warthin, mtaalamu wa patholojia katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, alimkuta mshonaji wa nyumbani kwake akiwa na huzuni, akamwuliza sababu. Yule mwanamke, ambaye wakati huo alikuwa mzima wa afya, alijibu kwamba anatazamia kufa mapema kwa saratani ya tumbo, au ya utumbo, au ya mji wa mimba, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokufa wengi wa jamaa zake. Baadaye alifariki dunia kwa saratani ya mji wa mimba.

Warthin hakuyapuuza maneno hayo. Alianza kukusanya habari za ukoo huo, uliotokana na mhamiaji mmoja wa Kijerumani, na mshonaji mwenyewe akasaidia kuulizia kwa jamaa zake nani alikufa, lini, na kwa ugonjwa gani. Mwaka 1913 Warthin alichapisha habari hizo, akiutaja ukoo kwa herufi moja tu, Ukoo G. Wataalamu wengi wa nyakati zile hawakukubali kwamba saratani yaweza kurithiwa, na makala yake yakawekwa kando kwa nusu karne.

Tunapenda msomaji aangalie ni nani aliyekuwa wa kwanza kujua. Hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke wa kazi za mikono aliyehesabu makaburi ya kwao na kuona mpangilio wake. Daktari alikuja nyuma yake na kalamu. Hata hivyo, kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja vitabu vya tiba vilimtaja kama “mshonaji” tu, mpaka mwaka 2019 mwandishi Ami McKay wa Kanada, aliye wa ukoo huo huo, alipochapisha kitabu juu ya familia yake na kulieleza jina lake kwa watu: Pauline Gross.

Warthin mwenyewe alivutwa na fikra zilizotawala wakati wake, kwamba taifa lingeweza kusafishwa kwa kuwazuia watu wa damu “dhaifu” wasizae. Mwaka ule ule wa 1913 alipochapisha habari za Ukoo G, jimbo la Michigan lilipitisha sheria ya kuwahasi watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Hatusemi kwamba kazi yake ilizaa sheria hiyo. Twasema tu kwamba vitu hivi viwili vilikua katika shamba moja.

Aliyeifufua kazi hiyo ni Henry Lynch, daktari wa Omaha katika jimbo la Nebraska, aliyefariki mwaka 2019. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliitwa kumwona mgonjwa mmoja mlevi. Alipomwuliza kwa nini anakunywa namna ile, mgonjwa akajibu kwamba anajua atakufa kwa saratani, kwa kuwa kila mtu katika familia yake hufa kwa saratani. Ilikuwa sauti ile ile ya yule mshonaji. Lynch alichapisha mwaka 1966 habari za koo mbili za namna hiyo, kisha akakabidhiwa kumbukumbu za Warthin, na mwaka 1971 akaieleza tena hali ya Ukoo G. Wenzake wengi walimpinga. Walidai kwamba watu wa nyumba moja hula chakula kimoja na kuvuta hewa moja, hivyo si ajabu waugue ugonjwa mmoja. Yeye akaendelea kuchora miti ya vizazi kwa mkono. Katika mwaka 1993 na mwaka 1994 wachunguzi walizipata jeni zenyewe, zikaitwa MSH2 na MLH1, na mwaka 2000 badiliko lililokuwa likiutesa Ukoo G lilitambuliwa katika MSH2. Tangu mshonaji aseme neno lake mpaka maabara ilipolithibitisha ilikuwa imepita miaka 105.

Kazi ya jeni hizi si ngumu kueleweka kwa wanafunzi waliokwisha kusoma jinsi maandiko ya kale yalivyonakiliwa. Kila chembe ya mwili inapogawanyika, maandishi yake yote ya urithi hunakiliwa upya, na makosa ya kunakili hayakosekani. MSH2 na MLH1 ni kama wasahihishaji wanaopita nyuma ya mwandishi wakiyafuta makosa hayo. Kila mtu hupewa nakala mbili za msahihishaji, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyerithi nakala moja mbovu bado ana ile ya pili. Lakini ikiharibika nayo katika chembe moja ya utumbo au ya mji wa mimba, makosa huongezeka bila kusahihishwa, na chembe hiyo yaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo kinachorithiwa ni hatari, wala si ugonjwa. Kila mtoto wa mwenye badiliko, wa kiume kwa wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kulirithi, na wako waliolirithi wanaofika uzee bila kuugua.

Sasa turudi kwenye vitabu vya Kanisa. Mwaka 1686 ufalme wa Swedeni, ambao Ufini ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1809, ulitoa sheria ya Kanisa iliyowaagiza wachungaji waandike kwa utaratibu ubatizo, ndoa na mazishi, pamoja na majina ya wanaokaa katika kila nyumba na maendeleo yao katika kusoma na katika Katekisimu. Nia yake ilikuwa malezi ya imani, na bila shaka pia mfalme alitaka kuwajua raia zake. Parokia za Ujerumani nazo zilikuwa na vitabu vyao. Wachungaji hao hawakujua kwamba walikuwa wakiandika pia kitabu cha damu.

Katika Ujerumani kitabu hicho kilifunguliwa kwa nia mbaya. Kuanzia mwezi wa Aprili 1933 watumishi wa serikali walitakiwa kuthibitisha kwamba mababu zao hawakuwa Wayahudi, na baadaye takwa hilo likawaenea watu wengi zaidi. Ushahidi ulitoka katika vitabu vya ubatizo. Wachungaji na makarani wao walikaa mezani wakinakili majina ya babu na bibi za watu, nakala baada ya nakala. Mjini Berlin mchungaji Karl Themel alisimamia ofisi maalumu, iliyoanza kazi mwaka 1936, ya kupanga upya vitabu vya sharika za mji ili Wakristo wa asili ya Kiyahudi wapatikane upesi. Hawa walikuwa watu waliobatizwa katika Jina lile lile tunalobatizia sisi, na ni ukurasa wa ubatizo wao uliowasaliti.

Pamoja na hayo ilikuwako sheria ya tarehe 14 Julai 1933 ya kuzuia uzazi wa watu wenye magonjwa ya kurithi. Ilitaja magonjwa ya akili, kifafa, upofu na uziwi wa kurithi na mengineyo, pamoja na ulevi wa kupindukia. Saratani haikuwamo. Watu wapatao 400,000 walihasiwa kwa sheria hiyo. Linalotuhusu sisi ni kwamba taasisi za huduma za Kanisa la Kiprotestanti hazikuvutwa humo kwa kamba. Mwezi wa Mei 1931, kabla Hitler hajatawala, viongozi wa Misioni ya Ndani walikutana Treysa, wakakataa wazo la kuwaua wagonjwa lakini wakakubali kwamba kuwahasi baadhi yao kwaweza kuwa halali. Hospitali za Betheli, makao ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, zilifanya upasuaji huo sheria ilipokuja. Hii ni Betheli ile ile ambayo misioni yake ilifanya kazi Usambara, Bukoba na Rwanda, na ambayo baadhi ya sharika zetu zinaikumbuka kwa shukrani. Shukrani hiyo ni ya haki. Historia lakini hutakiwa kusomwa pamoja na kurasa zake zisizopendeza.

Serikali ilipoanza kuwaua wagonjwa wa akili, mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga mwezi wa Julai 1940, na mwezi uliofuata akatiwa kifungoni. Askofu Theophil Wurm wa Württemberg aliandika barua ya kupinga mwezi huo huo wa Julai, na Bodelschwingh naye alijitahidi kuwakinga wagonjwa wake. Ulikuwa ushujaa wa kweli. Ila walikuwa wakipinga mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ulikwisha kukubaliwa pale Treysa, yaani mwanadamu kuorodheshwa kwa thamani ya damu yake.

Tukiyasoma haya twajiuliza jinsi gani watu waliofundishwa Maungamo yetu waliweza kufika huko, kwa kuwa Maungamo yalikuwa na dawa. Kifungu cha pili cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 chafundisha kwamba wanadamu wote huzaliwa na dhambi ya asili. Fundisho hilo, ambalo wengi huliona zito na la huzuni, lina jambo moja la kufariji: linatuweka wote katika ukoo mmoja. Hakuna nyumba safi na nyumba chafu. Na Matthias Flacius aliposhikilia, katika mjadala wa Weimar wa mwaka 1560, kwamba dhambi imekuwa asili yenyewe ya mwanadamu, Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577 ilikataa. Ilitenga kazi ya Mungu, ambayo ni mwanadamu, na uharibifu ulioingia ndani yake. Hatusemi kwamba badiliko la jeni ni dhambi. Kufanya hivyo ni kurudia kosa la wanafunzi waliomwuliza Bwana juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa. Twasema kwamba Kanisa lililokataa kumwita mwanadamu dhambi lilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kukataa kumwita mwanadamu ugonjwa wake.

Katika Ufini vitabu vya namna ile ile vilikuwa na historia nyingine, ingawa si nyeupe kabisa. Nchi hiyo nayo ilitunga sheria ya kuwahasi watu mwaka 1935, kama zilivyofanya nchi nyingine za Kilutheri za kaskazini, na haikuiondoa mpaka mwaka 1970. Lakini kuanzia miaka ya 1980 madaktari Jukka-Pekka Mecklin na Heikki Järvinen waliandikisha familia zenye saratani ya utumbo mpana ya kurithi. Walipotaka kujua kama familia hizo zina uhusiano, wachunguzi walipekua vitabu vya parokia, karne baada ya karne. Familia nyingi zilizodhani hazijuani zilionekana kutoka kwa mababu wa sehemu moja ya nchi, tena nyingi zilikuwa na badiliko moja katika MLH1. Wachungaji wa kale, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza Katekisimu, walikuwa wameacha njia ya kuwafikia vitukuu walio hatarini.

Tena haikuwa elimu ya bure. Mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 watu 252 wa familia 22 za namna hiyo. Watu 133 kati yao walichunguzwa utumbo mpana kila baada ya miaka mitatu kwa mpira wenye taa, na vinyama vilivyoonekana vikaondolewa kabla havijageuka saratani. Wengine 119 hawakuchunguzwa. Kati ya waliochunguzwa, 8 walipata saratani hiyo na hakuna aliyekufa kwayo. Kati ya wasiochunguzwa waliugua 19, na 9 wakafa. Hao tisa si hesabu tu kwetu sisi tunaofanya mazishi.

Ndiyo sababu hatukubaliani na ndugu wanaosema kwamba ni afadhali mtu asijue. Mshonaji wa Ann Arbor alijua, lakini ujuzi wake haukuwa na mlango wa kutokea. Wakati wake hapakuwa na la kufanya. Leo mlango upo, na imeonekana pia katika miaka hii kwamba dawa ya kawaida ya aspirini, ikitumiwa kwa miaka na chini ya uangalizi wa daktari, hupunguza saratani ya utumbo mpana kwa watu wenye hali hiyo. Lakini twakubaliana nao katika jambo moja. Kumpima mtu mahali ambapo hatapata uchunguzi wala matibabu ni kumrudisha kwenye kiti cha mshonaji, na katika sehemu nyingi za nchi zetu ndivyo hali ilivyo bado.

Lipo pia swali la nani asome. Marekani ilibidi itunge sheria mwaka 2008 kuwazuia waajiri na makampuni ya bima ya afya wasitumie habari za jeni dhidi ya mtu, na hata hiyo haikugusa bima ya maisha. Kwetu msomaji wa kuogopwa zaidi pengine si kampuni. Ni mshenga. Binti wa nyumba inayosemekana kuwa na saratani aweza kukosa mchumba kwa neno moja la kisimani, na kijana wa nyumba hiyo hiyo asiulizwe lo lote, ingawa nafasi yao ya kurithi ni sawasawa. Mchungaji aliyeambiwa habari hizo katika maungamo amefungwa kinywa. Je, afanye nini ikiwa mgonjwa hataki dada zake wajue? Tunavyoona sisi, siri ni ya mgonjwa na mchungaji hana ruhusa ya kuivunja. Lakini ana wajibu wa kurudi kwa mgonjwa tena na tena, akimkumbusha kwamba habari hii si yake peke yake kama vile damu isivyokuwa yake peke yake, na kujitolea kwenda naye siku atakayokubali kuwaambia. Hiyo ni kazi ya miezi, wala haiandikwi katika taarifa ya mwaka.

Kuhusu wavunja laana, Ezekieli katika sura ya 18 aliwakemea watu waliotumia methali ya zabibu mbichi kueleza masaibu yao. Walikuwa wakisema, kwa maneno yetu, kwamba wanalipa deni la baba zao. Nabii hakukana kwamba watoto hurithi mengi kutoka kwa wazazi. Alikana kwamba Mungu huwadai watoto deni hilo. Mama aliyeambiwa madhabahuni kwamba laana ya kwao imekatika, kisha akaona damu katika choo na asiende hospitali kwa kuogopa kuonekana hana imani, ameibiwa mara mbili. Maombi kwa ajili yake ni ya lazima, na mahali pake pengine ni kwenye benchi la zahanati, mchungaji akiwa ameketi karibu naye.

Limebaki jambo dogo la ofisini. Vipimo vya jeni hufasiriwa kwa kulinganisha badiliko la mtu na mabadiliko yaliyokwisha kuorodheshwa, na orodha hizo zimejengwa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Mwafrika anayepimwa hupata mara nyingi zaidi jibu kwamba badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani. Watakaolijibu swali hilo watahitaji, pamoja na damu, koo zilizoandikwa vizuri: nani alizaliwa na nani, nani alizikwa lini, akiwa na umri gani. Vitabu vya sharika zetu vina sehemu kubwa ya habari hizo. Lakini pale jamii inapohesabu ukoo kwa baba, mama huandikwa kwa jina lake la ubatizo na pengine jina la mumewe, hata baada ya vizazi viwili haiwezekani tena kujua alitoka nyumba gani. Saratani hizi hupita kwa mama sawasawa na kwa baba. Safu ya ukoo wa mama hugharimu mstari mmoja wa rula, na wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezini wanaweza kuuchora wenyewe, baada ya kumwomba ruhusa mchungaji wa usharika na kukubaliana naye ufunguo wa kabati utunzwe na nani.